Mashine ya Tatu

Moshi wa mashine ya kwanza ulikataa kulala. Ulitoka mdomoni mwa bomba ukiwa mzito na mweupe, ukatambaa hatua mbili juu ya mbao za jukwaa, kisha ukainua kichwa, ukapanda hadi kwenye mabati ya paa na kutanda huko kama wingu lililopotea njia. Nyiraneza, aliyekuwa amepiga magoti pembeni, akalaza kiganja juu ya ubao, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Iko moto," alisema. "Kitu ya moto haiwezi kulala chini."

"Ngoja kidogo, mama. Itatulia." Aliyesema hivyo alikuwa Sebarenzi, mwenye mashine, mtu wa Sake aliyekodisha viti na vyombo vya muziki kwa harusi. Tangu alfajiri alikuwa njiani na pikipiki mbili zilizopakiwa hadi shingoni, akipanda matope ya barabara ya Ngungu, ili kundi la maigizo la parokia lichague mashine moja kati ya tatu.

"Tumengoja. Batoto batalala pale juu, bantu batakaa hapa chini, na huu moshi utafunika bote. Nani ataona nani?"

Mwalimu Élysée, aliyeandika mchezo wenyewe, alikohoa, akapunga daftari mbele ya uso wake, akacheka, akimwelekezea Nyiraneza kidevu. "Mama Plamedi amesema. Leta ingine."

Nyiraneza hakuwa mwigizaji. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakupenda kutazamwa. Alikuwa mkulima wa maharage na mihogo kama majirani zake wote, mwenye kipande cha shamba kwenye mteremko ambao mvua kubwa ilikuwa ikiula kidogo kidogo. Lakini kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyeshughulikia kila kitu cha nyuma ya jukwaa. Alishona mabawa ya malaika kwa vyandarua vilivyochanika. Alisaga mkaa na udongo mwekundu, akachora vidonda vilivyofanya bibi vizee wageuze macho. Alijua ubao upi unalia ukikanyagwa, na saa ngapi jua linaingia kupitia tundu lipi la bati. Kwa hiyo Élysée alipoamua kwamba mchezo wa mwaka huu, wa Siku ya Marehemu, utakuwa na ukungu, kazi ya kuuchagua alimpa yeye.

Ulikuwa mchezo wa kijiji kilichokufa vitani. Mwishoni watoto saba wangelala bondeni chini ya shuka nyeupe, ukungu wa alfajiri ungewafunika, halafu sauti kutoka mlimani ingewaita mmoja mmoja kwa jina, nao wangesimama. Ukungu huo haukutakiwa kupita magoti. Ulitakiwa uwafiche waliolala na uwaache wazi waliosimama, kama ule wa Oktoba unaojaza mabonde ya Masisi wakati vilele tayari viko juani na ng'ombe wanaonekana kama wanalisha juu ya maziwa.

Mashine ya pili ilikuwa ndugu ya ile ya kwanza, ila moshi wake ulipitishwa kwanza ndani ya sanduku refu lililojazwa barafu. Barafu yenyewe Sebarenzi aliichukua kwa wauza samaki wa kando ya ziwa, akaifunika kwa unga wa mbao isiyeyuke njiani. Nyiraneza alifunga mlango ili upepo usikate moshi. Alimwaga maji juu ya mbao, akazipangusa, maana sakafu iliyopoa huushika ukungu kuliko sakafu kavu. Hakuna aliyemfundisha, aliwahi kuona jinsi ukungu unavyong'ang'ania mashamba yaliyolowa na kuyaacha mapema yale ya mawe.

Moshi ulitoka umepoa. Ulitambaa, ukalala, ukafika kwenye vifundo vya miguu yake. Alihesabu kimyakimya. Baada ya dakika nne hivi ulichoka, ukaanza kunyanyuka vinyuzi vinyuzi, na pale ulipokuwa umelala uliacha utelezi kama wa mafuta.

"Hii inaweza," alisema. "Lakini inachoka haraka. Na batoto wanaweza kuteleza."

"Dakika ine ni kidogo," Élysée alisema. "Nikiwa naita majina saba, polepole, na wimbo mu kati? Haitoshi. Sebarenzi, ya tatu?"

Sebarenzi alitabasamu kama mtu aliyehifadhi nyama chini ya ugali. Mashine ya tatu haikuwa na injini wala waya mwingi. Ilikuwa pipa la plastiki lenye maji ya moto, kifuniko chenye bomba pana, na kikapu cha chuma kwenye mpini. Alivaa glavu za ngozi, akafungua sanduku jeupe jepesi, na kutoa kipande cha barafu ambacho hakikudondosha tone hata moja.

"Barafu kavu. Usiguse na mukono, mama, inachoma sawa moto. Inatoka Goma, kwa bantu banatumaka damu ya bagonjwa ku laboratware ya mbali kupimwa. Kesho kutwa itakuwa imeisha yenyewe, haiachi hata maji."

Akakishusha kikapu ndani ya pipa.

Maji yalinguruma. Na kile kilichotoka hakikuwa moshi; hakikuelea, kilimwagika. Kilishuka kutoka kwenye bomba kama maziwa yanayofurika chunguni, kikatandaza upana wake wote juu ya jukwaa, kizito, kisicho na haraka, bila unyuzi mmoja kuinuka. Kilifika ukingoni na kuanguka chini bila sauti, kikapita chini ya mabenchi kama kinamtafuta mtu. Nyiraneza mwenyewe alishika mdomo. Katika miaka yake yote nyuma ya jukwaa la nguo kuukuu na maboksi yaliyopakwa rangi, hakuwa ameona kitu kizuri namna hiyo.

Élysée alivua miwani. "Ndio ule," alinong'ona. "Njo ukungu ya Ngungu kabisa."

Juu ya jukwaa kulikuwa na mishumaa saba. Nyiraneza alikuwa ameiweka na kuiwasha hapo asubuhi ili kuonyesha mahali pa kila mtoto, maana kila mmoja angelala na mshumaa kichwani pake. Mmoja ulizimika. Alidhani ni upepo, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa maturubai ili ukumbi uwe na giza mchana. Wa pili ukazimika. Wa tatu. Miali haikutikisika kwanza kama inavyofanya miali inayopulizwa. Ilijitenga na utambi, ikabaki hewani kitambo kifupi, ikatoweka.

Alichukua kiberiti. Akawasha njiti moja mbele ya kifua, ikawaka vizuri. Akaishusha. Ilipofika magotini mwali ukawa mwembamba, ukakatika. Akawasha nyingine. Ikafia palepale.

Alikwisha kuona mwali ukifa hivyo, mara moja tu maishani.

Ilikuwa mwaka walipokimbia wote. Watu wa Ngungu waliteremka milima na magodoro vichwani, wakafika karibu na Sake, wakapewa mahali pa kusimika mahema juu ya mawe meusi ya volkano. Walikuwa watu wa milimani. Waliijua mvua, waliujua ubaridi, waliujua mlio wa kila aina ya bunduki. Mawe yale hawakuyajua. Nyuma ya mahema kulikuwa na bonde dogo, kama bakuli, lenye matawi makavu tele ambayo hakuna aliyeyaokota. Nyiraneza aliyaona akashangaa, kisha akafurahi. Plamedi alikuwa na miaka sita. Alimwambia, "Kimbia unikamatie kuni pale, mbele ya mvua."

Alimwona kutoka juu, amelala ubavu, na mzigo wake mdogo wa kuni umefungwa vizuri kwa ganda la mgomba. Karibu naye kulikuwa na kunguru wawili, nao wamelala. Alianza kuteremka akikimbia, na mtu mmoja, mwenyeji wa pale, akamdaka kwa kitenge hadi kikachanika. Mtu huyo alifunga kitambaa kwenye ufito mrefu, akakiwasha, akakishusha bondeni. Kikazimika kabla ya kufika nusu. "Mazuku," alisema. "Upepo mubaya. Unakaa chini. Hakuna muntu alibaambia?"

Hakuna aliyekuwa amewaambia. Walimvuta mtoto kwa kulabu.

Wanawake wa mahema ya jirani walimwosha. Walimwonyesha uso: hakuna jeraha, hakuna damu, hakuna hata mkunjo. "Hakuteseka, mama. Angalia. Alilala tu." Neno hilo Nyiraneza alilichukua, akaondoka nalo. Alilima nalo, akapika nalo, akaingia nalo kitandani. Alilala tu. Wengine walikuwa wamepoteza watoto kwa mapanga na kwa kipindupindu. Yeye alikuwa na neno hilo, na mara nyingine alijiona kama mtu aliyepewa zaidi ya wenzake.

Mumewe, Jean-Bosco, hakupata neno la kushika. Mama mkwe wa Nyiraneza alikuwa ameuliza mara moja tu, pale pale msibani, "Nani alimutuma kule?" na swali likabaki ndani ya hema, likakaa kati yao kama mgeni asiyeaga. Jirani mmoja alitaja uchawi. Siku kambi ilipovunjwa, Nyiraneza alirudi Ngungu kupanda maharage. Jean-Bosco alishika njia ya Walikale, hadi Kibua, akisema anatafuta shamba la kulima na atamwita. Misimu miwili ya maharage ilikuwa imepita. Na yeye bado aliitwa na kila mtu Mama Plamedi. Jina lililofupishwa kutoka Kifaransa, walilompa mtoto kwa kusema mpango wa Mungu ni wa ajabu.

Njiti iliyozimika ilikuwa bado vidoleni mwake.

"Hii iko mazuku," alisema.

Wanaume wawili walimgeukia.

"Mama," Élysée alisema, "mazuku inatoka mu udongo. Hii inatoka mu sanduku."

"Angalia mishumaa. Yote saba."

"Iko unyevu tu."

"Goma banatumia ku mariage," Sebarenzi aliongeza. "Bwana na bibi arusi banaceza mu kati yake, bantu banapiga picha. Hakuna hata mumoja amekufa."

"Banaceza wamesimama," Nyiraneza alisema. "Batoto yetu batalala."

Élysée alivaa miwani tena, akaja karibu, akainama kidogo kama anavyoinamia mwanafunzi aliyeshindwa hesabu mbele ya wenzake. Hakuwa mtu mbaya. Alimfundisha Plamedi kuandika jina lake.

"Mama Plamedi. Najua. Sisi wote tunajua. Kile uliona kule kiliingia mu macho yako, na sasa kila kitu ya kulala chini unaona ni ile. Nilikosea kukupa hii kazi. Lakini bantu batatoka mpaka Masisi-centre, na hii mwaka tuko na wafu wengi wa kukumbuka. Bantu banahitaji kuona wanainuka. Unanisikia? Banahitaji."

Akaandika katika daftari: ya tatu. Halafu, kwa kuwa njaa ilikuwa imewafika, akamkaribisha Sebarenzi nyumbani kwake kwa chakula cha mchana. Nyiraneza alisema atawafuata. Atakunja shuka kwanza.

Alizikunja. Sita. Ya saba ilikuwa mikononi mwake alipogundua kwamba hatoki.

Hakuwaza kufa. Baadaye watu walisema hivyo, na hakuwajibu, lakini haikuwa kweli. Alitaka kujua. Kwa miaka miwili alikuwa amesimama juu ya bonde lile akitazama chini, na sasa bonde lilikuwa limeletwa hadi ukumbini mwa parokia, juu ya pikipiki. Alivaa glavu za Sebarenzi, zilizokuwa kubwa kama za mtu mzima kwa mtoto. Akatia vipande vyote vilivyobaki. Ukungu ulipojaa jukwaa ukafika mapajani, alikwenda mahali pa mtoto wa nne, palipokuwa pa Fifi, binti wa Élysée, akalala ubavu, akajifunika shuka.

Kwanza ilikuwa baridi tu. Baridi nzuri, kama kuinamia kisima. Akafunga macho, akafikiri: kumbe ni hivi, kumbe si kitu.

Kisha akavuta pumzi.

Ilimchoma puani kama soda inapopanda kwa bahati mbaya, ila haikukoma. Ulimi ukawa mchachu. Akavuta tena, na kifua kikaanza kukimbia chenyewe, haraka, haraka zaidi, kama kinateka maji kwenye kisima kilichokauka; kilipanda na kushuka na hakikuleta chochote. Moyo uligonga masikioni. Machozi yalimtoka, si ya huzuni, ya macho tu. Hapakuwa na usingizi mahali hapo. Mwili wake wote, kuanzia ukucha, ulikuwa ukipiga kelele kutaka kitu kimoja, na ukikosa. Alitaka kuinuka; mikono ilichelewa kusikia. Na kabla giza halijaanza kumfunga kutoka pembeni mwa macho, alifikiri jambo moja, wazi kabisa: aliita. Alikuwa na miaka sita, aliita, na aliniita mimi.

Sebarenzi alirudi kuchukua glavu zake. Upepo wa mlango ulipasua ukungu, akaona shuka ikitetema. Alimburuta kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi za jukwaa, akapiga mlango teke, akamtoa uani, na hapo Nyiraneza akatapika mihogo ya asubuhi juu ya maharage ya padri.

"Mama! Ulikuwa unafanya nini? Mama!"

Nyiraneza alikuwa ameegemea ukuta, jua limempiga usoni, na kila pumzi aliyovuta ilikuwa tamu kupita kiasi, tamu hadi aibu.

"Inauma," alisema.

"Nini?"

"Baliniambia alilala." Akamtazama Sebarenzi kama ndiye aliyemwosha mtoto. "Bote baliniambia alilala tu. Inauma, papa. Inauma sana."

Sebarenzi alichuchumaa. Alivua kofia yake, akaizungusha mikononi.

"Yule aliniuzia," alisema mwisho, bila kumtazama, "aliniambia nikitumia hii, nifungue madirisha. Na hakuna muntu kukaa chini. Aliniambia."

"Na wee hukusema."

"Niliwaza... ile ukumbi, ile sale, iko kubwa."

Nyiraneza alifumba macho. Hakuwa na nguvu za kumkasirikia. Aliliona bonde lile, na kuni zake nyingi ambazo wenyeji waliziacha kwa sababu walijua. Aliwaza: daima kuna mtu anayejua. Yupo hapo jirani, anapika, anafua, na hajapata tu nafasi ya kukuambia.

Élysée alikuja mbio, mkono bado una ugali. Alisikiliza. Hakubishana. Aliingia ukumbini peke yake. Waliweza kumsikia akiwasha njiti, moja, mbili, tatu. Kisha ubao ukalia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikuwa akikohoa, na magoti ya suruali yake yalikuwa yamelowa. Alisimama mlangoni akitazama upande wa nyumba yake, ambako Fifi na wenzake walikuwa wakicheza kamba na kuimba namba kwa Kifaransa.

"Mama Nyiraneza," alisema. Akachana ukurasa wa daftari, akaukunja mara nyingi, ukawa mdogo kama punje ya hindi, na bado hakujua autupe wapi.

*

Siku ya Marehemu ukumbi ulijaa kuanzia saa nane mchana, maana siku hizo hakuna aliyetaka kukutwa njiani na giza. Watu walikuja kutoka vilima vyote vya Ngungu. Wengine walilala njiani kwa jamaa. Wale waliokosa benchi walikaa chini, na waliokosa pa kukaa walisimama nje, masikio kwenye maturubai.

Nyiraneza alikuwa nyuma ya pazia, mkono kwenye kitufe cha mashine ya pili. Alikuwa amepiga mbao msasa ili zisiteleze, amezilowesha, na amemwomba Élysée akate wimbo nusu. Dakika nne zingetosha. Ilipofika wakati wake alibonyeza, na ukungu ukatoka na kulala kama alivyotaka, chini ya magoti, mweupe, ukawafunika watoto saba. Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja.

Yeye hakuutazama ukungu. Alitazama shuka. Pale kila shuka ilipokuwa na kifua alitazama kikipanda, kikishuka, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akarudia tena tangu mwanzo.

Élysée alianza kuita kutoka gizani. Majina yalikuwa ya watu waliokufa kweli katika vilima vile. Familia zilikuwa zimeyaleta zenyewe. Kila jina lilipotajwa mtoto alisimama, ukungu ukimteleza mabegani, na mahali fulani ukumbini mtu alilia kwa sauti. Sita walisimama. Akabaki Fifi.

"Plamedi," Élysée aliita.

Hakuwa amemwambia. Alitaka kumpa zawadi, na zawadi haiombewi ruhusa. Fifi alijitoa chini ya shuka, akasimama, mwembamba, mashavu mekundu kwa ubaridi wa moshi, akainua mikono kama alivyofundishwa. Watu waliokuwa wakimjua Plamedi, na wote walimjua, waligeuka kutafuta mama yake. Mtu alipiga vigelegele. Wengine wakaitikia, na kwa muda ule ukumbi ulikuwa na furaha ya kweli, furaha ya watu wasioipata mara nyingi, wakikumbatiana juu ya mabenchi huku machozi yakiwatiririka.

Nyiraneza alimtazama yule binti. Alingoja kitu kije. Alitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa ghala mwezi wa njaa, kona hadi kona, na mkono ukatoka na vumbi. Alichoona ni mtoto wa mtu mwingine, mwenye afya, amesimama mahali ambapo yeye alikuwa amelala na kukosa hewa. Akaondoa kidole kwenye kitufe.

Baadaye walimshika mikono. "Umeona, mama? Ameinuka." "Mungu hasahau." Alisema aksanti kwa kila mmoja. Ukumbi ulipobaki mtupu alichukua kitambaa akapangusa utelezi kwenye mbao, na Fifi akaja kusimama mbele yake, bado ana shuka begani.

"Mama, niliinuka muzuri?"

"Uliinuka muzuri."

"Papa alisema nikuulize kama ulifurahi."

Nyiraneza alikamua kitambaa ndani ya ndoo. Maji yalikuwa meupe kidogo. "Umwambie nilifurahi," alisema. "Nenda sasa, mvua inakuja."

*

Asubuhi alipanda juu ya shamba lake hadi kwenye jiwe ambapo simu ilipata mtandao. Alipiga mara tatu. Mara ya tatu Jean-Bosco akapokea.

"Papa Plamedi," alisema.

Kwa upande wa pili kulikuwa na jogoo, na mtu akitwanga. "Niko nasikia."

Alimweleza yote, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya wazee wa ukoo: sanduku, barafu, mishumaa, njiti. "Haiko ulozi. Haiko laana ya muntu. Iko hewa tu, inakaa mu shimo, ingekamata yeyote. Mimi njo nilimutuma. Hiyo sikatai. Lakini sikujua, Jean-Bosco. Hakuna muntu alijua kati yetu."

Jean-Bosco alisogea mbali na kinu; kutwanga kukafifia.

"Na wee uliingia mu kati ya ile hewa," alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa mwili yako."

"Niliingia."

"Basi uniambie. Miaka mbili niko nauliza Mungu na hajibu. Alisikia maumivu?"

Upepo ulipita juu ya majani ya mihogo, ukayageuza upande wa chini, uliopauka. Nyiraneza alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa hapo tangu siku ile, chachu, na alikuwa amepanda mlima huu ili asilibebe peke yake.

"Hapana," alisema. "Haina hata harufu. Unasikia baridi kidogo, sawa vile uko karibu ya maji. Kisha usingizi. Basi."

Alimsikia akitoa pumzi, ndefu, ya mtu anayetua mzigo alioubeba tangu mbali. Alimsikia akilia, na akaacha alie.

"Aksanti," Jean-Bosco alisema. "Aksanti, Nyiraneza." Alikuwa hajamwita kwa jina hilo tangu walipozaa. Akaendelea haraka, kama anayevuka daraja bovu, "Huku nimepata shamba. Udongo iko muzuri. Na... niko na bantu huku. Niko na muke. Ulipaswa kujua."

"Nimesikia."

"Utanisamehe."

"Ulime muzuri," alisema.

Simu ilinyamaza. Aliishika bado sikioni. Upande wa pili wa bonde, kwenye kilima ambacho mvua ya usiku ilikuwa imekiosha, mwanamke mmoja alikuwa akilima, mdogo sana kwa umbali, nguo nyekundu. Jembe lilipanda. Likashuka, likaingia udongoni bila sauti yoyote. Mwanamke alikuwa ameshaliinua tena hewani ndipo kishindo kilipofika.